Ombi la Kumrudisha Donatien Banza Hispania, Pamoja na Baiskeli Zake

Saint-Gilles, Brussels
Tarehe 7 Julai 2013

Kwa Maman Présidente Sidonie,
Umoja wa Familia za Katanga, Brussels

Maman Présidente mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, na natumaini goti lako limepata nafuu tangu ulipoteleza kwenye ngazi za kanisa. Anayekuandikia ni Polycarpe Ngoy, mwanachama wako tangu mwaka 1994, dereva wa tramu, baba wa Océane. Utakumbuka kwamba sijawahi kulalamika mbele ya Umoja. Hata Krismasi ile mliponikalisha meza moja na watoto wachanga, nilinyamaza nikala kuku wangu.

Leo nalalamika. Namlalamikia Donatien Banza, na naomba kwa unyenyekevu kwamba Umoja umrudishe Hispania.

Donatien nimesoma naye shule ya msingi Kamalondo, Lubumbashi. Tulifika Ubelgiji kwa kupishana mwaka mmoja. Mwaka 2006 alikwenda Valencia kufanya kazi katika jiko la mkahawa mmoja karibu na bandari, na kazi kule ilipokufa, Oktoba iliyopita, akarudi. Alishuka kituo cha Gare du Nord kwenye basi la masafa marefu akiwa na baiskeli mbili, sufuria pana kama gurudumu la mkokoteni, na tabia nitakazozitaja hapa chini. Nilimpokea mimi mwenyewe. Nilimkumbatia. Hilo nalisema mapema ili upande wake usije ukalitumia.

Unajua pia kwamba tangu mke wangu Mujinga afariki, sasa ni miaka minne, kila Jumamosi saa sita kamili za mchana nilikuwa napika kwangu, ghorofa ya tatu. Bukari, ule ugali wetu wa nyumbani, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga. Watu wanane. Hiyo ndiyo meza ninayoitetea katika barua hii. Malalamiko yangu ni haya:

1. Saa ya kula. Donatien anakula chakula cha mchana saa tisa. Anasema huko alikotoka ndiyo kawaida. Sina ugomvi na Wahispania, wao na matumbo yao. Lakini Jumamosi ya kwanza alipokuja kwangu, aliingia saa tisa kasoro dakika kumi akiwa na uso wa mtu aliyewahi. Bukari ilikuwa imeota ngozi juu. Bila kuomba ruhusa aliikata vipande, akaikaanga kwa kitunguu na mafuta katika jiko langu, na watu waliokuwa wameshiba tangu saa saba wakala upya. Wakasema ni tamu kuliko ile ya saa sita. Ile ya saa sita niliisonga mimi. Hii ya saa tisa pia niliisonga mimi. Sifa zilikwenda kwake.

2. Sahani. Jumamosi iliyofuata alitualika kwake Saint-Josse, kwenye kile chumba chake cha chini chenye ua nyuma. Nilikuta mezani sahani kumi na mbili ndogo kama zile za kuwekea vikombe, na hakuna hata moja yenye mwenyewe. Zeituni hapa, kipande cha omelette ya viazi pale, mkate uliosuguliwa nyanya kule, na mikono ya watu ikipishana hewani kama njia panda isiyo na taa. Nikauliza sahani yangu ni ipi. Akajibu: "Zote ni yako, Poly." Jibu kama hilo, Maman, haliwezi kumsaidia mtu mwenye njaa.

Kisha akaleta lile sufuria la gurudumu, limejaa wali wa manjano na kuku na maharage mabichi, akaligawia vijiko vinane. Vijiko tu! Mama yangu mzazi alihangaika miaka mingi kututoa watoto saba kwenye sinia moja. Alipopata sahani za enameli alizionyesha mtaa mzima. Leo mimi, mtu wa miaka hamsini na sita, nimerudishwa kwenye sinia, tena na mtu aliyezijua sahani zile za mama yangu. Kwamba siku hiyo nilikula kupita kiasi changu cha kawaida ni kweli. Sikuwa na mpaka wa kuniambia nimemaliza.

3. Kukaa. Wakishamaliza kula hawaondoki. Wanakaa pale pale, kwenye makombo, mpaka saa kumi na mbili. Hawaimbi, hawasali, hawachezi karata. Wanaongea. Wahispania wana neno lake maalumu, na nimekataa kulijifunza. Katika kukaa huko, Onésime, ambaye kwa miaka minne mezani kwangu alisema "pilipili" na "merci" peke yake, aliwaambia watu kwamba anaogopa kustaafu kwa sababu hajui atamwambia nani habari za asubuhi. Onésime! Mlinzi wa mlangoni, mwenye mabega kama kabati! Watu wakamjibu, wakamcheka kidogo, wakampa kahawa. Kwangu watu walikuwa wanakula, wanashukuru, na ifikapo saa nane ngazi zimenyamaza. Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

4. Baiskeli. Donatien anaokota baiskeli zilizotupwa, anazitengeneza uani, anazigawa. Kufikia mwezi wa nne mwaka huu kila mtu wa meza yangu alikuwa na yake, akiwemo mtoto wangu mwenyewe Océane. Kila Jumamosi saa nne wanakutana kwake, wanafuata mfereji, wanapanda mpaka msituni, wanashukia Flagey kununua vitu sokoni, wanarudi kwake kupika. Onésime amepungua tumbo hadi sare yake ya kazi imepelekwa kwa fundi mara mbili.

Mimi ni mtu wa reli. Miaka ishirini na miwili nimeendesha chombo kinachojua kinakokwenda, na kila siku ya Mungu mtu wa baiskeli anakatiza mbele yangu kama nzi. Sasa nzi hao nawajua kwa majina, na wananipungia mkono.

Jumamosi tarehe 4 Mei nilisonga bukari ya watu wanane. Saa sita ikafika, hakuna kengele. Saa saba Océane akanipigia simu, upepo unavuma ndani ya simu: "Papa, tuko mu forêt, kuya basi!" Wako msituni, nami niwafuate! Niliila bukari ile peke yangu mpaka Jumatano.

5. Likasi. Hapa, Maman Présidente, naomba ukae kitako.

Kila mwanachama anajua, maana nimesimulia kwenye harusi zisizopungua kumi na moja, kwamba mwaka 1979 niliendesha baiskeli kutoka Lubumbashi hadi Likasi, kilomita mia moja na ishirini, kwenda kumchumbia Mujinga. Nimesimulia vilima, mvua, mnyororo uliokatika, na jinsi nilivyofika mbele ya nyumba ya shangazi yake nikiwa nimeshika usukani. Tangu hizo baiskeli za Donatien ziingie mjini, hakuna aliyeniacha nipumue. "Papa Likasi, weye njo ulifikaka na kinga mpaka kule, unaogopa nini hapa Brussels?" Kinga, yaani baiskeli, lile neno la nyumbani, lilikuwa linanifuata kila mahali. Nilisingizia goti. Nilisingizia zamu, upepo, ubatizo, suruali.

Ukweli ni huu: sijui kuendesha baiskeli. Sijawahi kujua. Nilianguka nikiwa na miaka minane mbele ya kaka zangu, nikaapa, basi. Aliyeendesha mpaka Likasi ni Donatien, kwa baiskeli ya mjomba wake. Mimi nilikaa nyuma kwenye porte-bagages, kile chuma cha kubebea mizigo, siku mbili nzima, sanduku la nguo magotini, nikimwambia apunguze mwendo kwenye mashimo. Kona ya mwisho kabla ya mji alishuka, akapangusa usukani kwa shati lake, akaniambia: "Sasa kamata weye. Sukuma. Aone ni weye njo ulikuya nayo." Yeye akabaki kando ya barabara. Alikuja baadaye kwa miguu, akasema amepata lifti ya lori.

Kwa miaka thelathini na minne, ukiondoa ile ya Valencia, Donatien amekaa kwenye harusi zile akinisikiliza nikipanda vilima vyake. Hajawahi kunikatiza hata kwa kikohozi. Naomba kamati itambue uzito wa jambo hili: mtu anayekutunzia siri namna hiyo hana haki ya kurudi mjini na baiskeli mbili.

6. Flagey. Jumamosi tarehe 15 Juni Océane aliniomba nije tu, nione soko, nile kipande cha jibini. Nilipanda tramu 81 kama abiria, nikaketi kwenye benchi kando ya bwawa. Jua lilikuwa zuri. Walikuwepo wote, na bibi mmoja wa Kibelgiji akiwatupia mkate bata bukini. Onésime akasogeza baiskeli mbele yangu: "Papa Likasi, tuonyeshe!" Wengine wakaanza kupiga makofi taratibu, kama kanisani kabla ya sadaka.

Nilimtazama Donatien. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikasimama. Mpaka leo sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa nimesimulia mara nyingi mno hata miguu yangu ikaamini. Niliketi juu ya kile kiti, Onésime akanisukuma kwa heshima, na kwa mita kumi hivi, Maman, nilikwenda. Naapa nilikwenda! Kisha njia ikainama kidogo upande wa bwawa. Bata bukini walinipisha. Maji hayakunipisha. Niliingia mpaka kiunoni, baiskeli juu yangu, na wakati huohuo tramu 81 ilikuwa imesimama kituoni. Dereva wake, mwenzangu wa zamu, akapiga kengele mara mbili.

Kabla mtu hajacheka, Donatien alikuwa ameshaingia majini na viatu vyake, anapiga kelele: "Ni frein! Njo mimi nilifunga frein mubaya! Pardon, Poly, ni kosa yangu!" Akanitoa kwa kwapa. Onésime akamgombeza dakika kumi mbele ya soko zima, kwamba unampaje mzee baiskeli isiyo na breki, unataka kumwua? Donatien aliinamisha kichwa, maji yakimchuruzika, akajibu "oui, oui, bon, nimekosa."

Breki zilikuwa nzima. Sikuzigusa. Sikujua ziko wapi.

7. Alasiri ile. Walinipeleka kwa Donatien, wakanivisha suruali yake, fupi, inaishia katikati ya shavu la mguu. Tukala wali kwenye sufuria lile. Na hapa ndipo lalamiko namba tatu linapodhihirisha hatari yake yote, kwa sababu wangekuwa watu wa meza yangu, wangekula, wangeshukuru, wangekwenda zao, nami ningebaki salama na uongo wangu, na ule wake wa breki juu yake. Lakini walikaa. Kahawa ikaja. Onésime akaanza tena kumsuta Donatien juu ya breki, na Donatien akaanza tena kusema amekosa.

Nikasikia mdomo wangu unasema: "Breki ilikuwa nzima."

Nikasema yote. Porte-bagages, sanduku, kona ya mwisho, lifti ya lori ambayo haikuwepo. Nilisema bila kumtazama mtu, niliitazama sahani moja yenye mbegu tatu za zeituni. Nilipomaliza, nikangoja Donatien aseme lolote, hata anikasirikie. Akasugua uso wake kwa viganja, akasema polepole:

"Poly, Mujinga alijuaka."

Nikamwuliza alijua nini.

"Yote. Siku ileile ya kwanza. Alituletea maji ya kunywa, akaona suruali yako ni safi, ya kwangu mguu wa kuume mweusi na mafuta ya chaîne ya kinga. Akaniuliza kule ku robinet, ku bomba ya maji. Nikamuomba asikwambie. Akacheka, akasema: mwache asimulie, anasimulia muzuri kuliko weye unavyoendesha."

Maman Présidente, katika harusi zote zile, nikifika kwenye vilima, Mujinga alikuwa anainuka kwenda jikoni. Nilidhani ni haya ya mwanamke anayesifiwa mbele ya watu. Alikuwa anakwenda kucheka.

Océane akanishika mkono. Akasema, "Papa, na mimi maman aliniambiaka. Nilikuwa na douze ans." Miaka kumi na miwili! Na Onésime, ambaye mambo humfikia kwa zamu, akamgeukia Donatien kwa huzuni kubwa: "Alors, Donat, mi nilikugombeza bure?"

Hapo watu wakacheka mpaka jirani akafungua dirisha. Mimi nililia. Nililia mezani, mchana, nimevaa suruali ya mtu mwingine. Siku tulipomzika Mujinga nilisimama wima, nikawashukuru watu mmoja mmoja, nikauliza kama wote wamepata usafiri. Tangu hapo hakuna aliyeniona na chozi. Sasa wameniona saba kwa mpigo, na hakuna aliyeondoka. Mmoja aliniongezea wali.

Kwa kuwa mambo haya hayawezi kuachwa yaendelee katika mji wenye sheria, naomba Umoja uamue yafuatayo:

a) Donatien Banza arudishwe Hispania kwa basi lilelile lililomleta, na lile sufuria alipakate mwenyewe.

b) Ikiwa Hispania itamkataa, ahamishiwe mji wowote wa Ubelgiji wenye vilima vikali, mbali na bwawa.

c) Ipigwe marufuku kwa mwanachama kumjua mwanachama mwenzake kuliko yeye mwenyewe alivyojieleza.

d) Marehemu wasiruhusiwe kuwaachia watu wengine habari zetu. Najua hili la mwisho litahitaji ushauri wa pasta.

Nakushukuru kwa subira yako, na naamini hekima iliyokufanya uchaguliwe mara tatu haitanitupa mkono. Nisalimie Papa wa nyumbani, wajukuu wote, kwaya ya akina mama, na yule fundi wenu wa vipaza sauti. Usimsalimie Donatien. Ukikutana naye usimwonyeshe uso mbaya pia, maana ataanza kujiuliza amekosa nini, na atakuja kuniuliza mimi.

Wako mtiifu, mwenye malalamiko saba na maombi manne,

Polycarpe Ngoy

Baada ya kutia sahihi: Océane ameisoma barua hii na amenikumbusha kwamba kamati inakaa Jumamosi tarehe 3 Agosti. Naomba sana kikao kisogezwe mpaka Septemba, kwa sababu tarehe hiyo sitakuwepo. Kuanzia tarehe 20 mwezi huu nitakuwa Valencia kwa wiki nne, pamoja na Onésime, Océane na mshtakiwa. Majirani zake wa zamani wametuachia nyumba. Anasema kule mto ulihamishwa zamani, na palipokuwa na maji sasa ni bustani ndefu inayokatiza mji mzima, tambarare, hakuna gari wala tramu, na mtu anaweza kuanguka kwenye nyasi bila kusumbua yeyote. Kwa sasa, kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya kazini kwa Donatien, anaponifundisha, naweza kwenda mita mia mbili mfululizo ikiwa hakuna kona. Kona tumeahirisha mpaka tufike.

Kwa hiyo kama kamati itaona haiwezi kungoja na ikaamua tarehe hiyohiyo kwamba arudishwe Hispania, andikeni tu kwenye daftari kwamba amesharudi, na kwamba mlalamikaji alikwenda naye kuhakikisha. Likizo nimeshaipata. Mkuu wangu wa kazi aliniuliza wiki nne Hispania nakwenda kufanya nini, na mbele ya madereva wote waliokuwa wanakunywa kahawa nikamjibu kwamba nakwenda kujifunza baiskeli. Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja, Mbelgiji wa makamo ambaye sikuwahi kuongea naye, alinifuata mpaka nje ya mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Donatien anafundisha na watu wengine. Nimempa namba yake.